Kadi ya mtumba, nyuzi 91

Kadi yangu ya picha (ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu) ni mtumba wa mwaka 2017, na chumba changu hapa Mbagala kina dirisha moja. Hata hivyo nikaamua kuiongezea kasi. Nikafungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi ya kadi, nikaongeza megahezi 80 na kupandisha kikomo cha umeme. Dakika sita ndani ya gemu: nyuzi 91, feni zinalia kama mashine ya kusaga, picha zinakwamakwama. Chipu ikizidiwa na joto hujipunguzia kasi yenyewe, kwa hiyo faida yote ikaliwa hapo hapo.

Nikatoa kava la pembeni la kompyuta, nikaelekeza na feni ya mama. Joto likashuka nyuzi 3 tu. Basi, shida haikuwa hewa ya ndani, ilikuwa kwenye kadi yenyewe. Nikafungua skrubu nne za kipoza joto (roho mkononi, maana hela ya kadi nyingine sina). Pasta, ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu hadi kwenye kipoza, ilikuwa imekauka, inapukutika kama ukoko, na vumbi limeziba mapezi ya kipoza kabisa. Spiriti, pamba, brashi, pasta mpya: nyuzi 79.

Kilichonishangaza zaidi ni volteji. Umeme unaoliwa na chipu hufuata mraba wa volteji, kwa hiyo ukipunguza kidogo unaokoa kingi. Nikatoka milivolti 1150 hadi 1075, kasi ile ile, na gemu haikuzima. Nyuzi 72.

Mama ameshachukua feni yake.