Siku Ripoti ya Richmond Iliposomwa

Februari 6, 2008 nilikuwa kazini, duka la steshenari jijini Dar es Salaam, na mbunge Dk. Harrison Mwakyembe alipoanza kusoma bungeni ripoti ya uchunguzi wa mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, kazi zote zilisimama. Televisheni ilikuwa juu ya kabati la karatasi. Waliokuja kutoa fotokopi walikodoa macho huko juu wakasahau hata kudai chenji zao.

Habari hiyo ilikuwa imetugusa mfukoni. Mwaka 2006 mvua zilipogoma na maji ya bwawa la umeme la Mtera yakashuka, mgawo wa umeme ulitukaba koo. Bosi alinunua jenereta, mafuta yakala faida yote, mwenzetu mmoja akaachishwa kazi. Serikali ikatuahidi mitambo ya dharura ya megawati 100, shirika la umeme, TANESCO, wakasaini mkataba na Richmond mwezi Juni. Tukangoja. Mitambo haikufika kwa wakati, na mwishowe mkataba ukahamia kwa kampuni nyingine, Dowans.

Kamati Teule ya wabunge watano ilikuwa imeundwa Novemba 2007 kuchunguza mkataba huo. Iliita mashahidi, ikawaapisha, ikadai majalada. Sasa mwenyekiti wake, Mwakyembe, anasoma barua moja baada ya nyingine: nani kaandika, lini, nani kaelekeza nini. Nilikuwa sijawahi kusikia barua za wakubwa zikisomwa hadharani namna ile. Lile "agizo kutoka juu" tulilozoea kulisikia kwa minong'ono, leo lina tarehe na sahihi! Kamati ikasema kampuni haikuwa na uwezo wa kazi ile, ikaihusisha Ofisi ya Waziri Mkuu na namna ilivyobebwa hadi kupata mkataba. Mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, akatukumbusha jinsi Mzee Mwinyi alivyoachia Wizara ya Mambo ya Ndani miaka ya 70 kwa sababu ya mahabusu waliokufa mikononi mwa dola. "Tusubiri kesho," akasema.

Kesho yake Waziri Mkuu, Edward Lowassa, alisimama bungeni akasema amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu. Akalalamika kwamba kamati imemhukumu bila kumhoji. Dukani watu walipiga makofi, nami nilipiga, ila lalamiko lile lilinikaa rohoni. Kamati yenye uwezo wa kumwita yeyote ilishindwaje kumwita mtu mkubwa kuliko wote katika ripoti yake?

Nilibishana na mwenzangu wa kaunta mpaka tunafunga. Yeye alisema barua zinatosha. Mimi nilimtaka Waziri Mkuu aketi mbele ya wale wabunge, ale kiapo, aulizwe barua hii iliandikwa kwa idhini ya nani, na ajibu sote tukisikia. Kama ameonewa, tungejua. Kama hakuonewa, tungejua vilevile. Msimamo wangu haujabadilika, ingawa sijasikia kazi ya Bunge iliyonipa heshima ya uraia kama ile.

Mawaziri Nazir Karamagi na Dk. Ibrahim Msabaha nao wakajiuzulu, Rais Kikwete akavunja baraza la mawaziri, Mizengo Pinda akawa Waziri Mkuu. Mwaka 2015 Lowassa akagombea urais kupitia chama cha upinzani, CHADEMA, na Richmond ikarushwa huku na huku kwenye mikutano ya kampeni, ambako kila mtu husema atakalo na hakuna anayeapishwa. Februari 2024 akafariki dunia.