Kabati la tangi la samaki: nilivyolijenga mwenyewe mtaani Umoja, Nairobi

Tangi langu la kwanza la samaki, la lita 60, nililiweka juu ya meza ya televisheni iliyotengenezwa kwa chipubodi. Kila Jumamosi nikibadilisha maji, matone machache yaliteremka nyuma ya kioo na kuishia ukingoni mwa meza. Baada ya miezi minne kona moja ilikuwa imefura kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nililishusha tangi sakafuni usiku uleule, maana binti yetu hupenda kukaa mbele yake akihesabu samaki, na nilipowaza lile tangi likimwangukia sikupata usingizi.

Kwa hivyo nilipoamua kufuga mbuna wa Ziwa Nyasa, nilianza na kabati kabla hata ya kuagiza kioo. Mbuna huishi miambani, na tangi lao hutaka mawe mengi. Nilipiga hesabu: tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50 huingia maji kama lita 240 usipolijaza hadi juu kabisa, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo cha milimita 10 ni kilo 55 hivi. Ongeza mchanga na mawe kilo 50. Jumla inakaribia kilo 350, na mzigo huo haushuki hata siku moja ili mbao ipumzike.

Plaiwudi niliitafuta soko la Gikomba. Ni matabaka membamba ya mbao yaliyobandikwa, nyuzi za tabaka moja zikikatana na za jirani yake, na kinachoamua kama itastahimili maji ni gundi iliyo katikati, ambayo huwezi kuijua kwa kutazama. Wauzaji watatu waliniambia yao ni ya marini, ile ya mashua. Niliomba kila mmoja kipande kilichobaki, nikaviandika alama kwa penseli, na nyumbani nikavichemsha kwa saa nne kwenye sufuria kuukuu. Vilipokauka nilijaribu kuingiza ncha ya kisu kati ya matabaka. Viwili vilifunguka kama kurasa za daftari. Cha tatu kilikataa. Asubuhi nilirudi kwa yule wa tatu nikanunua shiti moja ya milimita 18 na nyingine ya milimita 12.

Shiti ya milimita 18 yenye futi 8 kwa 4 inatosha kutoa ubao wa juu, wa chini, na mbao nne za kusimama, ukiipanga vizuri kabla ya kukata. Ile nyembamba hutoa mgongo na milango. Nilikatiwa palepale kwenye mashine, kwa sababu msumeno wa mkono haunyooki hivyo kwa urefu wa sentimita 120, na kwa kazi hii mbao za kusimama zikitofautiana hata milimita mbili, moja itabaki hewani huku nyingine zikibeba zamu yake.

Kuunganisha nilikwenda kwenye karakana ya mzee mmoja seremala jirani yetu, aliyekubali nitumie jiriwa na benchi lake. Hapo ndipo tulipovutana. Yeye alitaka ubao wa juu uingie katikati ya mbao mbili za pembeni, ukazwe kwa skrubu kutoka nje, jinsi kabati nyingi za nguo zinavyotengenezwa.

"Kijana wangu, skrubu hizi za inchi mbili zinashika sana."

"Mzee, zinashika, lakini hapo skrubu ndiyo itakayobeba maji. Mimi nataka mbao ibebe mbao."

Nilimchorea kwa penseli juu ya benchi. Ubao wa juu ukilala juu ya zile nne za kusimama, uzito unateremka moja kwa moja hadi sakafuni. Skrubu kazi yake ni kuzuia vitu visihame tu. Ukiuning'iniza katikati, kila kilo hukaa kwenye shingo za skrubu chache, na shimo la skrubu kwenye plaiwudi hulegea polepole usione. Alinyamaza kidogo, akalisukuma fremu langu ambalo lilikuwa bado halina mgongo. Liliyumba kushoto na kulia kwa kidole chake kimoja.

"Basi hili nalo utalifanyaje?"

Nilikuwa nimepanga kupigilia mgongo mwembamba wa kufichia nyaya tu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuubandika wote kwa gundi ya mbao, na skrubu kila baada ya sentimita 15, kuzunguka ukingo mzima na kwenye mbao za katikati pia. Gundi ilipokauka siku ya pili tulilisukuma sote wawili na halikutikisika. Bila mgongo ule, mbao zangu nne za kusimama zingelala upande mmoja kama safu ya vitabu.

Sasa vanishi, na hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu hapa ndipo ile meza ya televisheni ilipofia. Uso wa plaiwudi haunywi maji sana. Ukingo ndio hunywa, maana pale nyuzi zimekatwa zikabaki wazi kama mirija. Mkono wa kwanza wa ukingoni nilichanganya vanishi na tapentaini kiasi ili izame ndani, kisha nikapaka mitatu mingine bila kuchanganya, nikipitisha msasa namba 240 kati ya mkono na mkono. Tundu la mabomba ya chujio nililitoboa kabla ya kupaka, kwa kuwa ndani ya tundu ni ukingo pia, na ndipo mahali panapolowa kuliko pote.

Ilikuwa Julai. Jua la Nairobi mwezi huo huchungulia saa chache likajificha, na vanishi ambayo kopo liliahidi ingekauka kwa siku moja ilibaki ikinata hadi siku ya nne. Sikuharakisha. Kabati lilikaa kwenye baraza wiki tatu, milango wazi, mpaka nilipoingiza kichwa ndani nisisikie harufu yoyote. Pampu ya hewa ingekaa humo, na pampu huvuta hewa ya kabatini na kuipeleka majini, kwa hiyo mvuke wa vanishi ungewafikia samaki.

Sakafu ya sebule yetu imeinama kidogo kuelekea mlango. Pimamaji ilionyesha tofauti ya milimita nne. Niliweka vipande vyembamba vya plaiwudi iliyopakwa vanishi chini ya kila ubao wa kusimama, kwa kina chake chote, wala si kwenye kona tu. Soketi nilizifunga juu ndani ya ubavu wa kabati, na kila waya niliuacha uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondoke pale chini. Kwenye mpira wa pampu niliweka vali ya kuzuia maji yasirudi, kwa sababu stima ikipotea, maji hushuka kwa mpira huo hadi kwenye pampu.

Nilijaza tangi kwa siku tatu, theluthi kwa theluthi, nikipima kila asubuhi. Siku ya tatu upande wa kulia ulikuwa umeshuka chini ya milimita moja, na haujaongeza tangu hapo.

Leo ni mwezi wa 11 tangu nilijaze. Jumamosi nikishamaliza kubadilisha lita 60, hupitisha kucha ndani ya lile tundu la mabomba kuona kama vanishi imeanza kulainika. Bado ni ngumu. Binti yangu naye hukaa mbele ya kioo, na sasa hesabu yake imefika samaki 14, ingawa kuna mmoja wa manjano anayejificha nyuma ya jiwe ambaye yeye humhesabu mara mbili.