Kuchagua mzula wa baridi ukiwa Unguja

Ukiujaribu mzula wa sufu (kofia ya kufumwa inayovutika) sokoni Darajani mwezi wa Februari, kichwa kitachemka, na hicho si kipimo. Kwenye nyuzi 32 kila kofia ni ya moto, hata ya nailoni. Ninapomchagulia mwanamme anayekwenda Ulaya, hisia ya kichwa naiweka kando, naikagua kofia yenyewe.

Naanza na lebo ya ndani. Mitumba hutoka nchi nyingi, basi sufu utaikuta imeandikwa wool, Wolle, laine au ull. Lebo ikiwa imekatwa, na mara nyingi imekatwa, namwomba muuzaji uzi uliolegea kwenye mshono, nauwasha kiberiti. Sufu huzimika yenyewe, hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Pamba hunuka karatasi. Hiyo siichukui, maana hunywa jasho na ikirowa haishiki joto. Akriliki si mbaya, ila huota vinundu mapema.

Halafu nauelekeza mzula kwenye mwanga. Nuru ikipenya baina ya vitanzi, upepo nao utapenya, hata uwe mnene vipi. Uliofumwa kwa kubana, wenye bitana ya flisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi), ni bora zaidi.

Kichwa nakipima kwa futi kamba, kidole kimoja juu ya masikio, kupitia kwenye paji na pale kisogo kinapochomoza. Waliozoea kofia za viua wanaijua namba yao, lakini kofia hiyo haivutiki. Mzunguko wa mdomo wa mzula uwe pungufu ya kichwa kwa sentimita 5 hadi 10: kichwa cha 58, mzula ukilazwa bapa uwe na upana wa 24 hadi 26. Uvute, uuachie. Usiporudi, utapanda juu na masikio yatabaki nje. Pindo la sentimita 6 au 7 huyafunika masikio mara mbili.

Kama unawasha ngozi, naupima shingoni, kwani kiganja ni kigumu. Merino, aina ya sufu laini, haiwashi sana.

Kwa urembo: uso mrefu, ushushe karibu na nyusi, uso wa mviringo, uache nafasi kidogo juu ya utosi. Kijivu au buluu iliyoiva huenda na koti lolote. Kishada cha juu nawaachia vijana. Kapelo ya sufu hupendeza na koti la ofisini, lakini kwenye theluji masikio yatalia.

Kabla ya safari naufua kwa maji ya uvuguvugu na shampuu kidogo, bila kusugua; maji ya moto huukunyata ukawa wa mtoto. Kwenye kamba hurefuka, basi naulaza juu ya taulo kivulini. Wakati wa masika nauacha siku mbili zaidi, usije ukaota ukungu ndani ya sanduku.

Siku ya safari mzula uwe kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku hulipata baada ya foleni, na baridi inakusubiri mlangoni mwa ndege.