Cherehani yangu ilibaki Magomeni

Tulihama Juni 2022, siku ya Jumamosi, kwa kirikuu ya kukodi iliyopiga tripu mbili. Ya kwanza ilibeba kitanda, magodoro na kabati la vyombo. Ya pili ilibeba ndoo, masufuria na viroba vya nguo, na mimi nimekaa mbele na dereva, nimepakata saa ya ukutani. Cherehani haikupanda. Nilimwambia mume wangu gari limejaa, nitaifuata wiki ijayo. Gari halikuwa limejaa.

Magomeni nilikaa miaka 19. Nyumba yenyewe ni zile za Kiswahili: vyumba vitatu huku, vitatu huku, korido katikati, jiko, bafu na choo uwani. Wapangaji tulikuwa familia tano, na bibi mwenye nyumba wa sita. Nilikuwa nashonea barazani, kwa hiyo kila anayepita nilimwona na kila anayepita alikuwa na neno la kusema. Sisemi tulikuwa hatugombani. Luku moja familia sita, hiyo peke yake ni vita: nani ana friji, nani kapiga pasi usiku, nani hajachanga. Zamu ya kufagia uwani iliwahi kunikosanisha na mwenzangu miezi minane, tunapishana koridoni kama hatujuani. Lakini hata aliyekununia pale ulijua kakununia. Alikuwa yupo.

Kiwanja cha Chanika, pembezoni mwa Dar, tulikinunua 2014, tukawa tunajenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule tofali, mwaka mwingine hakuna kitu. Tulipohamia, nyumba ilikuwa imeezekwa, vyumba viwili vimepigwa plasta, madirisha ya sebuleni yamezibwa kwa mabati, dari hakuna. Ndivyo tunavyohamia wengi wetu Dar. Ukisubiri nyumba iishe utalipa kodi mpaka uzeeke.

Shida ya kuhamia kwako ni kwamba hakuna wa kukupa pole. Wote wanakupa hongera. Hongera, umemkimbia mwenye nyumba. Hongera, kodi ya miezi sita sasa utaisikia kwa wenzio. Mama yangu, kwa simu kutoka Tanga, alipiga vigelegele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Sasa ukishapigiwa vigelegele, utaanzia wapi kusema kwamba usiku unalia? Nilikuwa naingia bafuni, ambako mlango ulikuwa bado hatujaweka, lipo pazia tu, naziba mdomo na kanga.

Kilichonitesa zaidi ni kimya. Magomeni nililala miaka yote na mlio wa vikombe vya muuza kahawa, redio ya chumba cha pili, na miaka ya mwisho basi la mwendokasi likifunga breki barabarani. Chanika ikifika saa tatu usiku ni vyura na mbwa, halafu vyura nao wananyamaza. Hapo ndipo bati linapoanza. Bati lililopigwa na jua kutwa nzima, likipoa usiku linalia: ta. Kimya. Ta, ta. Kama mtu anakanyaga juu kwa tahadhari asisikike. Na kwa vile dari hatukuwa nayo, huyo mtu nilikuwa namsikia amesimama juu ya uso wangu. Usiku wa kwanza nilimwamsha mume wangu, wa pili nikamwamsha, wa tatu nikamwamsha. Wa nne akaniambia, "Mke wangu, bati hilo linapoa," akageukia ukutani. Nilimwelewa vizuri kabisa, na niliendelea kukaa kitako kitandani mpaka adhana ya alfajiri.

Maji nayo. Kisima cha karibu yetu kina chumvi, sabuni haitoi povu, maharage yanachemka asubuhi mpaka mchana na bado magumu. Chai ilinishinda. Nikawa kila nikienda Magomeni narudi na dumu la lita tano la maji ya bomba, nimelipakata ndani ya daladala, kwa ajili ya chai tu. Konda mmoja aliniuliza kama ni maji ya dawa. Nikamwitikia ndiyo, niepuke maelezo.

Na Magomeni nilikuwa naenda karibu kila siku. Natoka saa kumi na moja alfajiri, bodaboda mpaka barabarani, daladala mpaka Gongo la Mboto, nyingine mpaka Kariakoo, halafu mwendokasi mpaka Mapipa. Barabara ya Nyerere wakati ule ilikuwa na ujenzi, foleni na vumbi. Nafika saa tatu, nashona, saa kumi jioni nafunga, nafika nyumbani giza limeingia na miguu imevimba. Kwa watu nilisema wateja wangu wako kule. Ni kweli walikuwepo. Ila nilikuwa nanunua mpaka vitunguu Magomeni navibeba kuja Chanika, na genge liko hatua hamsini toka mlangoni kwangu. Hilo sikuwa na la kulielezea.

Kuna jambo lilinichoma kipindi hicho, nalo ni Magomeni Kota. Zile familia 644 zilizohamishwa nyumba za zamani zilipovunjwa, Machi mwaka ule ule Rais alizindua maghorofa yao mapya, baada ya miaka karibu kumi ya kutangatanga. Yaani wao wanarudi, miezi mitatu baadaye mimi natoka. Nilikuwa napita pale naona mapazia mapya yanapepea juu ghorofani, naona wivu. Wivu wa mwenye nyumba kwa mpangaji! Nilijishangaa mwenyewe.

Huku mtaani nao walikuwa wananiona. Kila nikifungua mdomo ni "kule kwetu Magomeni": mkate wa kule kwetu, maji ya kule kwetu. Siku moja mtoto wa genge akamwambia mwenzake, "Mpishe Mama Magomeni." Nikajua kumbe nina jina na sikulijua. Jioni nikamweleza mume wangu nikitegemea aseme hawana adabu. Akaniuliza, "Kwani wewe umehama au umekuja kutembea?" Sikumjibu. Viroba vya nguo vilikuwa bado vimefungwa kamba, mwezi wa tano huo tangu tuhame.

Novemba akafariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Msiba mwingine ulikuwa umeshatokea mwezi wa nane. Mjumbe alipita, nikatoa elfu mbili, asubuhi nikaenda zangu Magomeni. Safari hii nilikwenda msibani, na sitajifanya kwamba ni wema. Mvua za vuli zilinyesha usiku kucha, njia ikakatika, bodaboda hazipiti. Nilikuwa sina pa kwenda.

Nilikaa pembeni ya mkeka na kina mama, nikapewa kisu na beseni la vitunguu. Nadhani saa nzima hakuna aliyenisemesha zaidi ya "sogeza." Mvua ikarudi. Turubai lililokodiwa lilikuwa limefumuka kwenye mshono, maji yanawamwagikia wanaume waliokaa chini yake, vijana wanahangaika kulikunja na kulifunga kamba, na kila wakivuta mshono unazidi kuachia. Mtu wa kushona hawezi akaangalia kitu kile akanyamaza. Nikauliza, kuna shazia hapa? Bibi mmoja akasema anayo, anashonea magunia ya mkaa. Uzi wa nailoni tukapata kwa fundi viatu. Nikasimama juu ya benchi, vijana wawili wamenishikia turubai, nikashona ule mshono kwa kurudia, maji yananiingia mikononi mpaka kwapani. Hatua mbili tu kwa urefu, ila nilichukua muda, kwa sababu turubai ukilitoboa ovyo unaongeza matundu.

Niliposhuka, yule bibi mwenye shazia alikuwa ananiangalia.

"Kumbe fundi wewe, mwanangu?"

"Fundi, bibi."

"Unashonea wapi?"

Nikasema Magomeni. Akageuka kwa wenzake. "Mmesikia? Sisi nguo tunapeleka Gongo la Mboto, na fundi tunaye hapa hapa, kaificha cherehani Magomeni." Walicheka, kicheko cha msibani cha kuziba mdomo na mtandio, na mimi nikacheka. Kabla hatujaondoka, bibi yule yule ndiye aliyeniambia maji ya kisima cha bondeni ni baridi, hayana chumvi, mtaa mzima unachota chai huko. Miezi mitano nimebeba dumu kwenye daladala!

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kirikuu. Shoga yangu wa chumba cha pili alinisaidia kubeba kile chuma cha chini, akaniambia, "Sasa ndio umehama," akaingia ndani akafunga mlango. Sikumfuata. Tungelia wote na dereva anasubiri.

Nilipofika nikagundua sina pa kuiweka. Ramani zetu za siku hizi zina sebule, zina chumba chenye choo ndani, zina na dainingi, baraza la mbele hamna. Unafungua mlango unakutana na mchanga. Ndiyo maana mtu anakaa mtaa mmoja na mwenzie miaka mitatu wanajuana kwa rangi ya bati. Tulikuwa tumeweka akiba ya dari. Nikamwambia mume wangu dari itasubiri, nataka baraza. Alinung'unika wiki nzima, halafu akaleta tofali na mifuko miwili ya saruji. Halina plasta mpaka leo, lakini lina kivuli cha turubai na nafasi ya watu watatu kukaa. Wateja wa kwanza walikuja na nguo za kupunguza na zipu. Wengine hawakuja na nguo, walikuja kukaa. Viroba nikavifungua, bila hata kukumbuka ni siku gani.

Hayakuisha yote. Ramadhani ya kwanza, siku ya kwanza, magharibi ilinikuta jikoni nimepika futari ya watu kumi na tano na sisi tuko wanne, mkono umezoea uwani. Nikakaa chini nikalia, safari hii bila kujificha. Mwanangu akaniuliza, si tugawe? Tukagawa sahani tano. Kesho yake sahani zikaanza kurudi, na hata moja haikurudi tupu: tambi, kaimati, mihogo ya nazi. Mihogo ile, niseme ukweli, ya Magomeni ilikuwa inapikwa vizuri zaidi.

Mwaka jana shoga yangu wa chumba cha pili alikuja kulala siku mbili. Dari bado hatujapiga. Nikamtandikia chumbani kwangu, mume wangu alikuwa safarini, tukapiga soga mpaka saa sita. Nilikuwa nimeshapitiwa na usingizi aliponishika bega ananitikisa.

"Shoga, amka. Kuna mtu juu."

"Bati hilo linapoa," nikamwambia, nikageukia ukutani.