Kiko Kilichobaki Ndani ya Droo

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu la wiki hii ni Warumi 13:14: "Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake."

Andiko hili nalijua tangu ujana, na miaka yote nimelisoma kama la watu wengine. Mstari unaotangulia unataja ulevi na uasherati, nami kwa neema ya Mungu sikuwa mlevi wala mwasherati, basi nikawa napita tu. Nilikuwa mvuta kiko. Sikuona kinachonihusu.

Sasa litazameni neno alilotumia mfasiri: kuwasha. Aliyewahi kuvuta kiko anajua kwamba kiko hakiwashwi mara moja kikaisha. Unashindilia tumbaku kwa kidole, unazungusha njiti ya kiberiti juu yake, unavuta kidogo kidogo mpaka ishike. Ukianza kuzungumza na mtu, imezimika. Unawasha tena. Kiko kimoja kinaweza kumaliza njiti 5 au 6. Kwa miaka 31 hiyo ndiyo kazi mikono yangu iliyoifanya kila jioni.

Mwaka jana nilifunguliwa kifua. Mishipa 3 inayoulisha moyo damu ilikuwa imeziba. Kwa wasioujua upasuaji huu, mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno, moyo husimamishwa, na mashine hushika kazi ya moyo na mapafu wakati wapasuaji wanashona mishipa ya kuvukia pale palipoziba. Mmoja walinitolea ndani ya ukuta wa kifua, mingine mguuni. Kisha kidari hufungwa kwa nyaya za chuma. Wiki za kwanza kukohoa ni mateso. Unakumbatia mto kifuani kwa nguvu ndipo ukohoe, na mtu wa tumbaku hakosi kikohozi.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimejitetea sana kwa daktari. Nilimwambia kiko si sigara, moshi siushushi mapafuni, naishia nao mdomoni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza taratibu kwamba nikotini ya kiko, yaani kile kilichomo kwenye tumbaku kinachomfanya mtu aitamani tena na tena, hupenya kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo na kuingia kwenye damu, huko hubana mishipa na kuusukuma moyo upige mbio. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, hukalia nafasi ya oksijeni katika damu. Na mdomo wenyewe, midomo, ulimi na koo, hupata saratani kwa hicho hicho nilichokiita afadhali. Akamaliza kwa kuniambia kwamba tumbaku iliyoziba mishipa niliyozaliwa nayo haitashindwa kuiziba hii atakayonishonea, hasa ile ya mguuni.

Mbele ya wapendwa wenzangu nilikuwa na utetezi mwingine. Nilipenda kumtaja Charles Spurgeon, mhubiri mkuu wa London, ambaye mwaka 1874 aliliambia kusanyiko lake kwamba atavuta biri yake kwa utukufu wa Mungu. Sitaki kumhukumu mtu yule. Alifariki mwaka 1892, na utafiti mashuhuri wa wanasayansi Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill kuhusu sigara na saratani ya mapafu ulitoka mwaka 1950, miaka 58 baadaye. Yeye hakuyajua haya. Mimi niliyajua, nikajificha nyuma ya mgongo wake.

Hospitalini sikuvuta, na sikusumbuka sana kwa kutovuta. Maumivu yalikuwa mengi, dawa nyingi, usingizi mwingi. Nikadhani kiu ya tumbaku imekatwa kwa kisu kile kile. Nyumbani mke wangu aliniogesha, akanivisha soksi za kubana miguu, akanipangia vidonge vya asubuhi na vya usiku. Hakuniruhusu kuinua hata ndoo. Alinyang'anya kila kitu chenye uzito mkononi mwangu. Kiko hakukigusa. Nilimwambia nakiweka kama kumbukumbu, na kopo la tumbaku liko karibu tupu, lina ubaya gani. Akaniamini, au nilidhani ameniamini.

Hapo ndipo neno "msiuangalie mwili" lilipokuja kunishika baadaye. Katika Kiswahili tunasema kumwangalia mgonjwa, yaani kumtunza, kumwekea chakula, kuamka usiku kumfunika. Mle ndani ya nyumba kulikuwa na wagonjwa wawili walioangaliwa. Mke wangu alikuwa ananiangalia mimi. Mimi nilikuwa naiangalia tamaa yangu. Nimeitandikia kitanda ndani ya droo, nimeiwekea na akiba.

Wiki ya 9, kidari kilipoanza kushikana na maumivu kupungua, mgonjwa wangu aliamka. Mke wangu alikuwa ametoka jioni ile. Nilivuta droo nikijiambia nakwenda kunusa tu. Kiko kilikuwa baridi, kina harufu ile ile tamu ya jivu na asali. Nikakiwasha. Baada ya kuvuta mara chache nilishika kifundo cha mkono nikausikia mpigo wa moyo umekimbia. Nikautazama mshono wangu kifuani, ungali mwekundu, nikaendelea kuvuta.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani kutoa ushuhuda. Wengine kati yenu mlikuwapo, mlilia pamoja nami. Niliyosema kuhusu maombi yenu na mkono wa Mungu ulioongoza mikono ya wapasuaji yalikuwa kweli tupu, sitayafuta. Lakini jioni ya Jumapili ile ile nilivuta tena, na Jumatatu, na siku zilizofuata, karibu wiki mbili, nikinawa mikono kwa sabuni na kutafuna majani ya mnanaa kama kijana anayewakwepa wazazi.

Andiko lilinikuta asubuhi moja katika usomaji wa kawaida wa siku, bila kulitafuta. Nilipofika kwenye kuwasha, nilitazama kidole gumba changu cha kulia. Kilikuwa na weusi wa jivu kwenye ukucha.

Nilimwita mke wangu nikamwambia yote. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nilijua tangu ile Jumapili, mume wangu. Nilikuwa nakusubiri uniambie." Alikwenda mwenyewe akaleta kiko, kopo, kiberiti na sindano ya kusafishia mrija, akavipanga mezani mbele yangu. Hakuvitupa. Aliniachia nivitupe mimi. Nilivunja mrija kwa mikono, na nakiri mbele zenu kwamba nililia kwa ajili ya kipande cha mti.

Siku ile ile nilirudi kwa daktari. Naomba mnisikilize hapa, kwa maana nimeona wapendwa wakiumia. Kuna wanaofundisha kwamba mwenye imani huacha tumbaku kwa maombi peke yake, na kwamba akitumia dawa ya kumsaidia kuacha amemdharau Mungu. Mimi nililazwa mezani, nikapigwa dawa ya usingizi, moyo wangu ukasimamishwa na mashine ikapumua kwa niaba yangu, na hakuna aliyesema nimepungukiwa na imani. Iweje basi dawa ya kupunguza kiu ya nikotini iwe dhambi? Daktari hakunikaripia. Aliangalia hali ya moyo wangu, akanipa dawa inayonifaa na mtu wa kunishauri kila wiki. Mwenye ugonjwa wa moyo asijinunulie dawa hizo kiholela, amwone daktari wake kwanza.

Siku 3 za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zote. Usingizi ulikata, hasira zilinijaa juu ya mambo madogo. Baadaye nikajifunza kwamba hamu hupanda, hukaa dakika chache, hushuka, ukikubali kungoja. Nilikuwa natoka nje natembea polepole, nikilitamka jina la Yesu kwa kila pumzi, basi. Sikuwa na sala ndefu.

Wapo miongoni mwenu walioamka siku moja na hamu imeondoka kabisa. Nawaamini, na nafurahi pamoja nao. Kwangu haikuwa hivyo. Ni miezi 11 sasa sijawasha, na bado mtu akipita na harufu ile, kitu ndani yangu hugeuka kumtazama.

Kwa ndugu anayevuta sigara, shisha au kiko, na dada anayeweka ugoro mdomoni kwa siri: hujachelewa. Ndani ya dakika 20 tangu sigara ya mwisho, mapigo ya moyo huanza kushuka. Ukimaliza mwaka 1, ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inayowaandama wavutaji huwa imepungua karibu nusu. Na kama una mke, mume au watoto wanaokaa chumba kimoja na moshi wako, fahamu kwamba Shirika la Afya Duniani huhesabu zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka wanaokufa kwa moshi wa wengine. Mke wangu aliuvuta moshi wangu miaka 31 bila kuomba hata njiti moja. Hilo nimemwomba msamaha, naye amenisamehe, lakini kila akikohoa nasikiliza.

Kama kuna kitu ndani ya droo yako, usingoje ibada ya maombezi. Mwambie mtu mmoja leo. Ukikosa wa kumwambia, niambie mimi, sitakushangaa.

Tuombe. Baba, wakumbuke wanaosukumwa wiki hii kuingia chumba cha upasuaji, na walio nje ya mlango wakisubiri. Ishike mikono ya madaktari. Wakumbuke waliorudi nyumbani na mshono mpya na kiu ya zamani. Nami, Bwana, saa ile ya jioni itafika tena leo. Uwe karibu. Katika jina la Yesu, amina.