Sheridan, kifaru kilichovuliwa ngozi

Waliolipa gari la minyororo jina la kifaru bila shaka waliitazama ngozi yake, wakamkumbuka mnyama mzito asiyebabaishwa na miiba. Jina hilo linavifaa vifaru vingi, lakini kila ninaposoma habari za M551 Sheridan ya Jeshi la Marekani naliona linapwaya, kwa maana hiki ni kifaru ambacho wahandisi walikivua ngozi makusudi ili kiweze kupakiwa ndegeni. Nimekuwa nikifuatilia historia yake kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, pengine, na jambo linalonirudisha kwake ni moja: kiliundwa kwa ajili ya kombora ambalo kilikaa zaidi ya miaka 20 bila kulirusha vitani, na bado kikadumu jeshini kwa sababu nyingine kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walikuwa na magari mawili ambayo hakuna hata moja lililowatosheleza. Kifaru chepesi cha M41 Walker Bulldog kilikuwa na uzito wa tani 23 hivi, uzito ambao haukuruhusu kudondoshwa kwa miavuli pamoja na askari wa anga. Gari la M56 liliweza kudondoshwa, lakini halikuwa na deraya ya maana. Waliolitumia walijikinga nyuma ya ngao ya mzinga tu, huku pande zote nyingine zikiwa wazi. Mwaka 1959 jeshi lilianzisha mradi wa chombo kimoja cha kushika nafasi za magari hayo mawili: kiwe macho ya vikosi vya upelelezi, kishuke kutoka angani na askari wa miavuli, kivuke mito kwa kuelea, na juu ya hayo yote kiweze kuvunja kifaru kizito chochote cha Urusi. Hata jina rasmi lililochaguliwa lilikwepa neno kifaru, kikaitwa gari la deraya la upelelezi na mashambulizi ya anga. Kazi ya kulisanifu ilikwenda kwa kitengo cha Cadillac cha kampuni ya General Motors mwaka 1960, na baadaye chombo kikapewa jina la Philip Sheridan, jenerali wa wapanda farasi katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani.

Sehemu ya wepesi haikuwashinda. Mwili ulitengenezwa kwa alumini, mnara unaozunguka ukatengenezwa kwa chuma cha pua cha deraya, na uzito wote ukakomea kwenye tani 15 na ushei. Injini ya dizeli yenye nguvu za farasi 300 iliweza kukikimbiza kwa takriban kilomita 70 kwa saa, na kando ya mwili kulikunjwa turubai ambalo lilipoinuliwa liligeuza kifaru kuwa mtumbwi wa kina kirefu. Askari wanne walikaa ndani: kamanda, mpiga mzinga, mpakiaji na dereva.

Tatizo lilikuwa silaha, na hapa ndipo hadithi inaponoga. Mzinga wa kawaida wa kuvunja vifaru hutegemea kasi ya risasi, na kasi kubwa hudai mtutu mrefu, baruti nyingi na chombo kizito cha kulipokea teke la mzinga. Gari la tani 15 lisingeweza kulistahimili. Wasanifu wakageukia risasi ya aina nyingine, ile ambayo hutoboa deraya kwa mlipuko ulioelekezwa mbele kama mkuki wa metali iliyobanwa kwa shinikizo; nguvu yake hutokana na upana wa kichwa chake, wala si kasi yake ya kusafiri. Kwa hiyo wakachagua mtutu mfupi na mpana mno, wa milimita 152, ambao ni upana wa mizinga mikubwa ya kushambulia kutoka mbali. Hata hivyo, risasi nzito inayokwenda polepole huchora upinde mkubwa angani, na kuilenga kwenye shabaha iliyo zaidi ya kilomita moja ni kubahatisha. Jibu lao likawa kwamba mtutu huohuo urushe pia kombora la kuongozwa.

Kombora hilo liliitwa Shillelagh, jina la rungu la Waayalandi. Mpiga mzinga alipaswa kuishikilia alama ya darubini juu ya shabaha mpaka kombora lifike, wakati kifaa kilichokuwa juu ya mtutu kilifuatilia mwanga uliotoka mkiani mwa kombora na kulirekebisha kwa miale ya infraredi. Lilifikia shabaha zilizo umbali wa kilomita 2 na baadaye 3. Karibu na kifaru, hata hivyo, halikuwa na faida, kwa kuwa lilihitaji kusafiri zaidi ya mita 700 kabla ya kuingia katika njia ambayo kifaa kingeweza kuliona na kuliamuru. Kwa karatasi, basi, hesabu ilikamilika: karibu ni risasi, mbali ni rungu. Kwa vitendo ikawa mshika mawili. Mtutu ulichongwa mfereji ndani ili kombora likae sawa, na mfereji huo ukaleta nyufa kwenye chuma hadi ukapunguzwa kina. Risasi za kawaida nazo zilipofyatuliwa, teke lake liliinua magurudumu ya mbele kutoka ardhini na kuvisumbua vifaa vya umeme vilivyotakiwa kuliongoza kombora. Silaha moja ikawa inaivuruga nyingine, na zote mbili zilikaa mahali pamoja.

Uamuzi ulionishangaza zaidi, lakini, haukuhusu kombora bali ganda la risasi. Ili kupunguza uzito, na ili ndani ya mnara ule mfinyu kusirundikane maganda matupu ya shaba, risasi zilipewa ganda linaloungua lenyewe pamoja na baruti. Ni wazo zuri sana maadamu ganda ni kavu na zima. Likinyonya unyevu huvimba au hupasuka, na lisipoungua lote huacha makaa ndani ya mzinga, yakingoja risasi inayofuata kuingizwa. Mfumo wa kwanza wa kupuliza makaa hayo ulifanya kazi mzinga ukiwa wazi upande wa nyuma, na ungeweza kuyarudisha makaa ndani ya mnara wenye watu. Ukabadilishwa kwa mwingine uliotumia hewa iliyoshinikizwa mzinga ukiwa bado umefungwa. Hatari nyingine haikuwa na dawa ya namna hiyo: askari walikuwa wameketi katikati ya risasi zilizovikwa kitu kinachowaka.

Utengenezaji ulianza mwaka 1966 na kuisha mwaka 1970, vifaru 1,662 vikiwa vimetoka kiwandani. Mapema kabisa palikuwa na hamu ya kuvipeleka Vietnam, lakini risasi za mzinga hazikuwa tayari, na Sheridan isiyo na risasi ingekuwa kibebeo ghali cha bombomu. Hatimaye, Januari 1969, vifaru 64 vya kwanza viliwasili, vikiwa vimeondolewa vifaa vya kombora, kwa kuwa katika vita vile shabaha za kulistahili zilikuwa chache mno. Ndivyo kifaru kilivyoingia katika vita vyake vya kwanza bila silaha iliyokuwa sababu ya umbo lake.

Viligawanywa kwa vikosi viwili, na mgawanyo huo umenifundisha mengi juu ya namna sifa ya silaha inavyozaliwa. Skwadroni ya 3 ya Rejimenti ya 4 ya Kavalri (warithi wa wapanda farasi wa zamani) ilinyang'anywa vifaru vya M48, vya zaidi ya tani 45, ikapewa Sheridan badala yake. Skwadroni ya 1 ya Rejimenti ya 11 ya Kavalri ya Deraya ilipewa Sheridan badala ya magari ya M113, ambayo hayakuwa na mzinga wowote. Unaweza kukisia wenyewe walisemaje. Kikosi cha kwanza kiliona kimeshushwa cheo, na katikati ya Februari hofu yao ilithibitishwa: Sheridan moja ilikanyaga bomu la kutegwa ardhini lenye uzito wa kilo 11 hivi, mwili ukapasuka, risasi zikashika moto, kifaru kikateketea na dereva akafa. Bomu kama lile likilipuka chini ya M48 lingeng'oa magurudumu mawili matatu, na wafanyakazi wake wangeshuka wakitukana. Kikosi cha pili kiliona kimeongezewa mzinga mkubwa, na kwa hiyo kilikuwa chepesi wa kusamehe.

Jambo lililowapatanisha wote na kifaru hiki lilikuwa risasi ya kopo, iliyojazwa maelfu ya vishale vidogo vya chuma, ambayo ikifyatuliwa kwa masafa mafupi ilifyeka kila kilichokuwa mbele, majani na watu. Sisemi hivyo kwa kuisifu. Ni chombo cha kutisha. Lakini kwa askari wanaovamiwa usiku kutoka vichakani, kifaru chenye risasi ile kilikuwa tofauti ya kuona asubuhi au kutoiona. Kufikia mwisho wa mwaka 1970 Sheridan zaidi ya 200 zilikuwa Vietnam. Mafundi waliongeza bamba la chuma chini ya tumbo ili kupunguza makali ya mabomu, na askari wengi walichagua kukaa juu ya kifaru badala ya ndani yake, wakihesabu kwamba afadhali risasi ya bunduki kuliko moto. Unyevu wa nchi ile uliyaharibu maganda, injini zilichemka katika msitu uliotaka gari zito la kuangusha miti, na mzinga ulikataa kufyatuka mara nyingi kuliko ilivyovumilika.

Baada ya vita hivyo jeshi halikuwa na subira tena. Kuanzia mwaka 1978 vikosi vya kavalri vilianza kurudishiwa vifaru vizito, na kwa chombo kingine chochote huo ungekuwa mwisho. Divisheni ya 82 ya askari wa anga ilibaki nazo kwa sababu iliyo rahisi kueleza: hapakuwa na kifaru kingine cha Kimarekani kilichoweza kutupwa kutoka ndegeni. Sifa ambayo katika masharti ya mwaka 1959 ilikuwa mojawapo tu ya sifa nyingi ikawa sasa ndiyo pekee iliyokiweka hai. Kushuka kwenyewe hakukuwa salama. Mbali na miavuli ya kawaida, kulikuwa na mbinu ya ndege ya C-130 kupita karibu kabisa na ardhi huku mwavuli ukiuvuta mzigo nje kwa mlango wa nyuma. Katika maonyesho ya mbinu hiyo huko Fort Bragg, tarehe 1 Julai 1987, ndege iligonga ardhi na watu 5 wakafa.

Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 20 Desemba 1989, Marekani ilipoivamia Panama, Sheridan ilifanya hatimaye kile ilichoandaliwa kukifanya. Vifaru 4 vilikuwa vimeingizwa nchini kimya kimya mapema kwa ndege ya C-5, na vingine 10 vilidondoshwa kwa miavuli pamoja na askari wa Divisheni ya 82 kwenye uwanja wa ndege wa Torrijos-Tocumen, viwili kati yake vikaharibika vilipotua. Mjini Panama, dhidi ya majengo na vizuizi vya barabarani, upana wa mtutu ule uliokuwa kero kwa miaka 20 ukageuka kuwa neema: risasi moja iliufungua ukuta wa zege. Hakuna aliyehitaji kulenga shabaha ya kilomita 3. Binafsi naona hizi ndizo siku bora za kifaru hiki, na haikosi kuchekesha kwamba zilihusu kuta.

Agosti 1990 Iraki ilipoivamia Kuwait, Sheridan 51 zilikuwa miongoni mwa vifaru vya kwanza vya Marekani kufika Saudia, kwa sababu ileile ya wepesi. Hapo ndipo, dhidi ya vifaru vya Iraki vya T-72, vilivyosanifiwa na Warusi, lile rungu lingepaswa kupewa nafasi yake. Lakini wakati huo vifaru vizito vya M1 vilishawasili, na Sheridan, ikiwa imezeeka na ngozi yake ileile ya alumini, ikaachiwa upelelezi zaidi. Makombora ya Shillelagh yaliyorushwa katika vita hivyo hayakufika nusu dazeni, na shabaha zake zilikuwa mahandaki na mizinga, si vifaru. Makombora yaliyotengenezwa yalikuwa takriban 88,000. Hayo machache ya jangwani ndiyo pekee yaliyowahi kutumika vitani.

Batalioni ya mwisho ya Sheridan katika Divisheni ya 82 ilivunjwa mwaka 1997, mwaka mmoja baada ya mrithi wake, M8, kufutwa kwa kukosa fedha. Mrithi mwingine, M10 Booker, alipotokea zaidi ya miaka 20 baadaye, alikuwa na uzito wa tani karibu 40 na hakuweza kudondoshwa kwa mwavuli. Naye akafutwa mwaka 2025.

Zilizosalia zilifanya kazi kwa miaka mingi zaidi huko Fort Irwin, katika jangwa la Mojave, California, ambako jeshi hufanyia mazoezi makubwa. Vikosi vilivyofika vilihitaji adui wa kupigana naye, basi Sheridan zikavikwa maumbo ya bandia, mitutu ikarefushwa, minara ikanenepeshwa, zikatumwa kwenye vilima kuwavizia wageni. Ziliendelea hivyo hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na aliyezitazama kwa darubini kutoka mbali aliona T-72 za Warusi.