Kufukia Si Kuzika

Jioni moja nilimpa mbwa wangu, Simba, biskuti muda mfupi baada ya kumaliza chakula chake, naye hakuitafuna. Aliibeba mdomoni kwa uangalifu kana kwamba amebeba yai, akaizunguka sebule mara mbili huku akinung'unika, kisha akaiweka kwenye pembe ya kochi na kuanza kuifunika kwa udongo ambao haukuwapo. Pua yake ilikwenda mbele, ikainuka, ikarudi, ikasukuma tena. Biskuti ilibaki wazi mbele ya macho yetu sote, lakini mwenyewe aliondoka kama fundi aliyekamilisha kazi.

Wengi husema kwamba mbwa huzika mifupa. Mimi napendelea kusema kwamba huifukia, kwa kuwa anayezika hatarajii kurudi kukichukua alichokizika, ilhali mbwa anaweka akiba, na akiba ya mnyama huyu ina historia ndefu. Mbwa wa kufugwa wana asili moja na mbwa mwitu wa kijivu, mnyama anayeweza kula kilo 9 za nyama kwa mlo mmoja kisha akakaa siku kadhaa bila kupata windo jingine. Kinachombakia hakiwezi kuachwa juu ya ardhi, ambako kunguru, nzi na wanyama wengine wala nyama watakigundua mara moja. Udongo hupunguza harufu, huzuia jua na, kwa kuwa chini huwa na ubaridi kuliko juu, huchelewesha kuoza. Mfupa hasa ni akiba nzuri, maana uboho wake wenye mafuta mengi umefungiwa ndani ya ganda gumu. Mbwa mwitu huweza hata kuisafirisha nyama tumboni, akaitapika mbali na mzoga na kuifukia huko.

Ukimtazama mbwa akiwa kazini utaona kwamba miguu ya mbele huchimba tu. Kinywa ndicho kinachokiweka chakula shimoni, na kurudisha udongo ni kazi ya pua, ambayo huusukuma na kuushindilia kwa mapigo mafupi. Mfuatano huu hafundishwi na mtu. Mtoto wa mbwa aliyelelewa ndani ya nyumba huutekeleza vilevile, na kwa kuwa hatua moja huiita nyingine, utaendelea hadi mwisho hata pale ambapo chini yake pana sakafu au kitambaa cha kochi. Ndiyo maana sikumcheka Simba sana jioni ile, ingawa nakiri kwamba nilicheka kidogo.

Mbweha, ndugu wa mbali wa mbwa, wana utaratibu makini zaidi. Huficha chakula kidogo kidogo katika mashimo mengi yaliyotawanyika, ili mwizi akigundua shimo moja asifilisi ghala zima. Mtafiti J. David Henry, aliyewachunguza mbweha wekundu nchini Kanada, alieleza mwaka 1977 kwamba mbweha hukojolea mahali palipobaki harufu ya chakula lakini chakula chenyewe kimekwisha, na wakipita tena hawapotezi muda mwingi hapo. Simba wangu hana daftari la namna hiyo. Nimemwona akilifukua shimo lilelile tupu siku tatu mfululizo, kila mara kwa matumaini mapya.

Kumkaripia hakusaidii, na kumpokonya alichokificha ni vibaya zaidi, kwa sababu humthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kukuogopa. Kilichonisaidia mimi ni kupunguza vitafunwa, hasa anaposhiba, na kumtengea pembe moja ya ua yenye udongo laini, ambako mwanzoni nilimfichia vitu mwenyewe ili apapende. Mifupa iliyopikwa simpi kabisa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha vinavyoweza kumtoboa utumbo. Jambo moja ningemwomba kila mfugaji alizingatie: mbwa ambaye ghafla anaanza kuficha mlo wake wote bila kula anaweza kuwa anaumwa jino au tumbo, na huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo badala ya kuchekwa.

Kuhusu biskuti ile, niliiacha palepale kwenye pembe ya kochi na kuzima taa. Usiku wa manane nilisikia kucha zikigonga sakafu polepole kuelekea sebuleni, kukawa kimya kidogo, halafu ikafuata sauti ya kutafuna.